Mfupa Wangu Waliuona Wengine Kwanza

Mifupa yangu ni myeusi. Nasema mapema ili tusizungushane. Wa mguu wa kulia umeonekana kwa macho, na daktari anasema mingine nayo haikusalimika: mbavu, taya, labda hata fuvu, imeingia rangi yote. Nitaishi nayo na nitazikwa nayo, na atakayekuja kufukua kaburi langu siku moja atashangaa. Ashangae tu. Sisi tulishashangaa ya kutosha.

Mimi ni mshonaji. Nina cherehani ya miguu hapa Mangobo, mtaa wa Kisangani, kwenye baraza ya nyumba aliyotuachia baba, na tangu mume wangu aende zake cherehani hiyo ndiyo imenilisha. Watu hupenda kuuliza kama nilimwacha au aliniacha. Inategemea unamuuliza nani. Umeme wa mji wetu huja unapojisikia, kwa hiyo mashine za umeme nimewaachia wenye jenereta. Yangu inataka mguu. Wa kulia unasukuma, wa kushoto unasaidia, na mikono inaongoza kitambaa. Mshonaji asiye na mguu, kwetu, ni mtu anayekaa mbele ya mashine akiitazama.

Lakini kabla ya habari ya mguu kulikuwa na majipu. Yalinitoka kwapani, kulia na kushoto, bila likizo. Moja likiiva lilipasuka, likipasuka liliacha shimo, na shimo lilikuwa bado halijaziba wakati jirani yake anachomoza. Kushona ni kazi ya kunyoosha mikono siku nzima. Jaribu kuvuta meta sita za kitenge ukiwa na kaa la moto kila kwapa. Nilitumia majani, nilitumia maji ya chumvi, nilitumia tetra, ile kapsuli ya rangi mbili ambayo Kisangani tunaimeza kwa tumbo, kwa kikohozi na kwa jino, na tukijikata tunaifungua tumimine unga wake kwenye kidonda. Ilisaidia kidogo tu. Halafu mji ukapata mgeni, daktari wa ngozi aliyekuja kwa muda, naye akaniandikia ndugu yake tetra aliye na nguvu zaidi, minosiklini. Akasema nimeze kwa miezi michache kisha nirudi anione.

Nilimeza na majipu yakakauka. Nililia kwa furaha, nilinyanyua mikono yote miwili juu barabarani kama aliyeshinda mechi. Niliporudi kumwona, daktari alikuwa ameshahama. Nifanye nini? Niliacha, majipu yakarudi. Nikaanza tena, yakaondoka. Basi nikaona njia ni moja. Kaka yangu anapakua mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, akazungumza na watu wa ndege za Kinshasa, na boksi zikawa zinanifikia. Asubuhi ni chai, kapsuli, kisha mashine. Sikuihesabu tena kuwa dawa. Ilikuwa kitu changu cha asubuhi, kama wengine walivyo na mswaki wao.

Dalili zilikuwepo, sitadanganya. Kucha zilififia zikawa za kijivu. Ufizi wa juu uliingia ubuluu. Kwenye miundi yangu yalitokea mabaka ya rangi ya wino ambayo sabuni haikuyatoa. Wateja walinitania: "Mama couturière, unakulaka wino?" Nami nilikuwa na jibu langu tayari. Nilisema ni rangi ya vitenge vya kisasa, vile vinavyochuja hadi kwenye mate ukikata uzi kwa meno. Jibu hilo liliwatosha, na mimi lilinitosha. Mwenye kazi nyingi hushika jibu lililo karibu.

Mguu ulivunjika nikitoka Bangboka kuchukua boksi jipya. Mvua ilikuwa imenyesha, dereva wa pikipiki alimkwepa mbuzi, mbuzi akaokoka, mimi nikaruka. Niliuona muundi wangu umepinda mahali pasipo na kiungo. Kitu cha kwanza nilichosema, naambiwa, ni: "Leteni saki yangu." Kaka alinipandisha gari la mizigo, nikafikishwa hospitali na saki hiyo, mkoba wangu wenye boksi, kifuani.

Dada yangu mkubwa, ambaye sote tunamwita Yaya, ndiye aliyekuja kunilinda. Hospitali zetu zinakupa kitanda. Godoro, ndoo, sufuria, chakula na mtu wa kukusemea unaleta mwenyewe. Yaya alileta vyote, na huo mdomo wa kunisemea aliuleta wa ziada. Nyuma yake alikuja Tonton, mdogo wake baba. Huyo alitulea baba alipofariki. Ni mzee wa kofia na kanzu safi, wa zile familia za Waislamu waliofika hapa na misafara ya biashara zamani za mababu, na katika familia yetu yeye ndiye mwenye kalamu. Ndoa anasaini yeye, shule anasaini yeye, mazishi anasaini yeye.

Daktari wa upasuaji alikuwa kijana kutoka Bukavu, mpole, mwenye tabia ya kuimba chinichini akifanya kazi. Aliniuliza maswali yake yote. Akafika kwenye lile moja.

"Mama, kuko dawa unakunywaka kila siku?"

"Hapana, docteur."

"Hata kidogo?"

"Huyu?" Yaya akadakia. "Huyu hapendake dawa hata ya kumupa kwa nguvu."

Na hatukuwa tunamficha. Naomba mtu anielewe hapa, kwa sababu wengi wamenicheka. Ukiwa kitandani hospitali, kwetu, dawa ni kile anachoandika daktari, na mlinzi wako anakimbia kukitafuta hadi mwisho wa mji. Unachomeza nyumbani na chai ni mambo yako na chai yako. Boksi lilikuwa ndani ya saki chini ya kitanda. Kila asubuhi Yaya, anayejua mazoea yangu yote, alinipa kikombe na kapsuli, wauguzi wakipita hapo hapo na sindano zao. Nani anaficha mswaki?

Wakanipeleka kwenye chumba cha upasuaji kuweka bamba la chuma. Walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo nusu yangu ya chini ililala na ya juu ikabaki macho, na katikati wakatundika shuka nisione. Daktari alikuwa anaimba. Nilisikia vyuma, nilisikia mtu anaomba pamba, halafu wimbo ukakatika katikati ya neno. Nimeshona miaka mingi na najua ukimya wa fundi aliyekata kitambaa akaona kimeharibika.

"Docteur, kuko nini?"

"Hakuna, mama. Tulia."

"Mbona hauimbe?"

Alizungumza Kifaransa na mwenzake kwa sauti ya chini, nikashika neno moja tu, *noir*, yaani nyeusi, na baada ya hapo nikasikia wananifunga. Bamba halikuwekwa. Nilitoka nikiwa nimeshonwa tu, mguu umefungwa kwenye plasta ya muda.

Sasa, kuna desturi hapa kwetu ambayo kila daktari wa upasuaji anaijua. Akitoa kitu mwilini mwa mtu, lazima akionyeshe familia. Uvimbe, jiwe, kidole, chochote. Anatoka nacho kwenye chombo, ndugu wanasogea mlangoni, wanatazama, wanatikisa vichwa. Asipofanya hivyo watasema mgonjwa alipasuliwa bure, au kilichotolewa kimeuzwa. Anayeachwa bila kuonyeshwa ni mmoja tu, mwenyewe mgonjwa. Basi daktari alitoka na kipande cha mfupa wangu kwenye sahani, akawaonyesha. Yaya alinisimulia baadaye kwamba Tonton alivaa miwani, akatazama, akavua miwani, akakaa chini kwenye benchi la watu bila kuangalia kama ni safi.

Waliingia kwangu wote wawili. Tonton alisimama upande wa miguu.

"Binti yangu," akasema, "mufupa yako iko nyeusi. Nyeusi kabisa, ya kuungua. Docteur anasema pengine ilikufa, ao kuko ugonjwa mubaya ndani. Kama ni vile, muguu itatoka hapa." Akaonyesha juu ya goti, kwenye mguu wake mwenyewe. "Nimesaini."

"Umesaini nini, Tonton?"

"Bakate. Lundi."

Jumatatu. Nilidhani sindano ya mgongo imepanda hadi kichwani. Nikamuuliza mguu ni wa nani. Akasema ni wangu. Nikasema basi hata kalamu ingekuwa yangu.

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema Tonton, kwa upole wa mtu aliyekwisha amua.

"Uji musiniulize, Tonton. Muguu, muniulize."

Yaya akanifinya mkono. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kumjibu Tonton hivyo, na sauti yangu ilinishtua hata mimi. Lakini sikuirudisha. Nilimwambia sikatwi, akasema ameshasaini, nikamwambia kama ni hivyo apande mezani yeye. Akatoka bila kuaga.

Ningependa kusema alikuwa mtu mbaya. Kupigana kungekuwa rahisi. Ukweli ni huu. Mke wake, mama yetu mdogo, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda kidogo cha kisigino kilimlaza. Madaktari walisema mguu ukatwe. Tonton akaomba wasubiri. Akaenda kwenye dua, akaenda kwa wenye mizizi, akaomba siku nyingine na nyingine, na aliposema haya kateni, sumu ilikuwa imeshapanda. Alimzika na miguu yake yote. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Alinipenda kwa haraka, kwa sababu yule mwingine alimpenda polepole. Nililijua hilo pale kitandani, na bado sikuwa tayari kulipa kwa mguu wangu.

Daktari alipopita nilimwambia anipe nione huo mfupa.

"Mama, mugonjwa hatumuonyeshake."

"Tonton ameona. Yaya ameona. Mulinzi wa mulango ameona. Miye ndiye nilikuwa ninautembelea."

Akaenda akauleta kwenye kichupa. Kilikuwa kipande kidogo kama ukucha, cheusi, kwenye ukingo kinaelekea kijani, laini, kinang'aa. Nilikitazama nikaogopa. Nasema wazi, niliogopa, kwa sababu ni jambo moja kuambiwa na ni jingine kuona kitu kama hicho na kujua kimetoka ndani yako, na ndani yako kumejaa kingine kama hicho. Nikamuuliza kama umekufa.

Alivuta kigoda akakaa. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda. "Hiyo ndiyo inanisumbua, mama. Ilitoka damu. Mufupa ya kufa haitokake damu. Lakini rangi hii miye sijaiona kwa mutu anayeishi. Ndiyo sababu niliacha. Nimetuma picha kwa mwalimu wangu, Kinshasa. Na kipande ingine itaenda kule kwa ndege, bapime kama kuko kansa. Ile itachelewa."

"Na lundi?"

"Tonton amesaini. Na kama ni mubaya kweli, kungoja ni hatari. Sitakudanganya."

"Docteur, kukata iko na dawa ya kurudisha?"

"Hapana."

"Basi tungoje. Haukati mpaka miye niseme."

Akasema atafanya anachoweza. Haikuwa ahadi, nami nikaichukua kama ahadi.

Kuanzia hapo walikuja kwa zamu. Shangazi alikuja na tasbihi. Majirani wa Mangobo walikuja na lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki, na kabla sijamega tonge la pili walikuwa wameanza: fulani alikatwa mguu anaishi vizuri, fulani ana gongo zuri, fulani ameolewa hivyo hivyo. Yaya alilia, halafu alipochoka kulia akaanza kutafuta adui. Nani alinipa kitu? Yule mteja tuliyegombana juu ya blauzi? Mke mpya wa mume wangu? Nilimwambia adui mwenye uwezo wa kuingia ndani ya mifupa yangu na kuipaka rangi huku akiuacha ulimi wangu mzima, huyo ni adui mjinga, asimwogope. Akacheka huku analia. Mimi sikulia mbele yao. Niliamua kwamba machozi yangu wangeyapokea kama saini.

Asubuhi ya Jumatatu muuguzi alikuja na wembe na beseni kuninyoa paja. Ndivyo wanavyoanza. Nilimshika kifundo cha mkono. Sikumwumiza, ila sikumwachia, na mikono ya mshonaji ina nguvu ambayo watu hawaitegemei. Akaniambia ametumwa. Nikamwambia nami nimekataa, aende kumwambia aliyemtuma, na wembe auache asije akajikata njiani kwa hasira. Wagonjwa wa vitanda vingine walikaa wakatazama. Mmoja akasema, "Mama, kaza!" Nikakaza.

Badala ya muuguzi akarudi daktari mwenyewe, na simu mkononi. Alikuwa hajalala, macho yalionyesha.

"Mwalimu wangu amejibu," akasema. "Ameandika kitu moja tu. Anauliza: huyu mama anamezaka nini? Donc nakuuliza tena, mama. Fikiri muzuri. Dawa gani?"

"Hakuna, docteur."

"Ya malaria?"

"Nikipata malaria tu."

"Ya kuzuia mimba?"

"Na nani?" akasema Yaya, na wodi nzima ikacheka.

Ilikuwa saa ya chai. Yaya, kwa mkono uliozoea, akanipa kikombe na kapsuli yangu. Nikaiweka kinywani, nikanywa chai, nikameza, nikajipangusa mdomo, nikamtazama daktari machoni na kumwambia kwa moyo mweupe, "Hakuna kitu, docteur. Haki ya Mungu."

Akaonyesha koo langu kwa kidole.

"Na hiyo?"

"Hii?" nikasema. "Hii ni ya majipu."

Alinyoosha mkono. Yaya akainama chini ya kitanda, akatoa boksi kwenye saki kwa heshima, kama anayemwonyesha mgeni picha za harusi. Daktari akasoma. Akakaa chini kwenye godoro la Yaya, akasoma tena. Kisha akaruka, akaninyanyua mdomo wa juu kwa kidole akatazama ufizi, akashika kucha zangu, akafunua muundi wa mguu mzima na kutazama yale mabaka. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya kitanda.

"Tangu wakati gani, mama?"

Nilimtazama Yaya, tukapiga hesabu pamoja. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anatambaa nilipoanza. Sasa yuko mwaka wa kwanza wa université.

Basi akatueleza. Dawa hiyo, ukiimeza miaka mingi, hupenda mifupa. Inaingia humo na kubaki, na ikibaki inageuka nyeusi. Mfupa wenyewe unaishi, una damu, una nguvu, ukivunjika unaunga. Mwalimu wake aliwahi kuona, na madaktari wengine duniani waliufungua mguu au taya wakashtuka hivyo hivyo. Rangi haitoki tena, au ikitoka ni kwa kuchelewa sana. "Inapaka tu," akasema. "Haiue." Nilimwomba arudie hilo neno la mwisho, akarudia.

Lakini Tonton alikuwa bado na kalamu yake. Alifika kabla ya adhuhuri akijua anakuja kusubiri nje ya chumba cha upasuaji, akakuta tunacheka. Daktari alimweleza yote, pole pole, akamwonyesha boksi, akamwonyesha ufizi wangu. Tonton alisikiliza mpaka mwisho.

"Juzi ulisema pengine imekufa," akasema. "Leo iko hai. Kesho utasema nini, mutoto wangu?"

Lilikuwa swali la haki, na daktari alilijibu kwa haki. Alisema anaamini ni dawa, anaamini sana, ila jibu la kipimo cha kansa halijarudi, na hawezi kuapa. Akasema anataka kuweka bamba na kuacha mguu. Tonton akatikisa kichwa. Alisema hafuti alichosaini. Alisema kwamba alishazika mtu mmoja kwa sababu ya kungoja, na hatazika wa pili.

Nilimwona daktari anasita. Namwelewa. Mguu ukiharibika na mkubwa wa familia alikataa, ni nani atasimama naye? Hapo nikasema nipewe karatasi. Nikaandika kwa mkono wangu, jina langu, la baba na la babu, kwamba nakataa kukatwa na nakubali bamba, na lolote litakalotokea ni langu. Wino ulikuwa hafifu nikayapitia maandishi mara ya pili.

"Tonton," nikamwambia, "kama nimekosea, nitakufa miye. Usibebe hiyo muzigo. Nimekupokea."

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto aliyemfundisha kutembea. Akachukua mwavuli wake akaenda. Siku ya upasuaji hakuja. Daktari aliimba kuanzia mwanzo hadi mwisho, nyimbo za kanisani kwao, nami nyuma ya shuka sikumsikiliza hata moja, nilikuwa natega sikio kwenye njia ya nje nikisubiri kikohozi cha Tonton.

Kungoja kulikofuata ndiko kulikuwa kwa kazi. Usiku sikuogopa, niliogopa mchana, watu walipouliza habari ya mguu na mimi kuwajibu vizuri tu bila kujua kama ni vizuri. Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu. Ya pili daktari aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha ukungu mdogo mweupe pale palipovunjika, akasema huo ni mfupa mpya unajishona wenyewe. Jibu la Kinshasa lilikuja baadaye: kansa hakuna, ni rangi. Yaya alipiga vigelegele mpaka akafukuzwa wodini.

Kapsuli nimeacha. Daktari alisema niache, nami nimeacha, na majipu yamerudi. La kwanza lilitoka kwapa la kushoto kabla sijatupa magongo. Sasa nina sabuni maalumu na mafuta ya kupaka ambayo yanafanya kazi nusu, na siku nyingine nashona na kitambaa kikavu nimekibana kwapani, natukana kimoyomoyo. Sijuti. Jipu nalijua, linaiva, linapasuka, linakwisha. Kwenye mashine nilirudi wakati mguu ulikuwa bado umevimba. Nilikanyaga pedali ukauma, nikakanyaga tena ukauma, nikashona pindo zima la sketi nikiuma meno. Ulikuwa mshono mbaya kuliko yote niliyowahi kushona na niliufumua mwenyewe.

Kilichoniuma zaidi ya mguu ni baraza. Tonton, ambaye kila Ijumaa akitoka msikitini alipita hapa kunywa maji, alianza kupita upande wa pili wa barabara. Yaya alimpelekea jibu la Kinshasa. Akasema alhamdulilahi, akaendelea kupita ng'ambo. Nilijiambia sitamwita. Nilishinda, kwa nini niite? Kila Ijumaa nilimwekea maji, na kila Ijumaa jioni nikayamwaga.

Halafu asubuhi moja akapanda ngazi. Alikuwa na kitambaa cha suruali kwapani, cha kijivu. Kama ilivyo kawaida ya wakubwa, hakunisalimia kwanza, alinisubiri nimsalimie, nikamwamkia. Akasema anataka suruali. Tonton ana fundi wake sokoni tangu nikiwa mtoto. Sijawahi kumshonea hata kifungo.

"Simama vizuri, Tonton," nikasema, nikachukua futi.

Nilipima kiuno. Kupima urefu lazima ushuke chini, na goti langu bado halikunji vizuri. Nikashika meza nikashuka polepole. Aliniona uso.

"Leka," akasema. "Nitakutajia kipimo."

"Simama, Tonton."

Nikapima kutoka kiunoni hadi kisiginoni, nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa meza.

"Mama yenu mudogo, nilichelewa," akasema. "Weye, nilikimbia sana. Nilisaini muguu ya mutoto wangu."

Nikasema, "Najua, Tonton. Uliogopa." Machozi yake yakaangukia mkono wangu wenye futi, na mtu huyo sikumwona akilia hata kwenye kaburi la mke wake. Fundi hupima mguu mmoja tu, wa pili hufuata wa kwanza. Nikamwacha alie, nikajivuta kwa magoti upande wa pili, nikampima na ule mwingine.